Nusu ya Kidonge Darajani

Asubuhi, kabla jua halijayafikia maji ya mto Rusizi, kikapu cha nyanya hushuka mteremko wa Kamembe kikiwa juu ya kichwa cha mwanamke mmoja, kisha hupanda kilima cha Bukavu kikiwa juu ya kichwa cha mwingine. Wa kwanza ni Védastine Mukandekezi, Mnyarwanda, miaka hamsini na mitatu. Wa pili ni Joséphine Mukengere, Mkongomani wa Bukavu, ambaye ukimwuliza umri atakujibu, "Andika ule wa Védastine."

Nimevuka mipaka mingi, na kwa lugha nyingi nimeambiwa nisubiri. Hapa Rusizi ya Kwanza, kwenye daraja la mpaka, nilisubiri kwa hiari yangu. Nilipanga chumba Kamembe kwa wiki moja, nikakaa msimu mzima wa mvua, na sehemu ya sababu ilikuwa kikapu hicho. Nilitaka kujua jinsi mzigo mmoja unavyoweza kuwa na vichwa viwili kwa miaka zaidi ya ishirini bila wenyewe kugombana.

Védastine alinieleza siku ile ile niliyonunua parachichi kwake. Alikuwa na mimba ya Umwali, bintiye wa pekee, na tumbo lilikuwa limeshuka. Alifika ng'ambo ya daraja na kikapu chake, akakitazama kile kilima cha Bukavu, akaona hakipandiki. Akakaa kando ya barabara. Mwanamke asiyemjua akaja, akainama, akamwambia, "Leta. Weye ngojea hapa na toto yako." Akajitwika kikapu, akapotea nacho kilimani.

"Nikasema basi, nimeibiwa," Védastine aliniambia. "Nililia kidogo. Halafu nikasema, acha nilale, mtu aliyeibiwa hana haraka."

Jioni mwanamke yule alirudi na kikapu kitupu na pesa yote ya mauzo. Huyo ndiye Joséphine. Tangu siku hiyo Védastine hapandi kilima cha Bukavu na Joséphine hapandi cha Kamembe. Asubuhi nyanya, karoti na kabichi kutoka mashamba ya Nyakabuye huenda upande ule. Alasiri kikapu kile kile hurudi na vitenge, sabuni na makayabu, yale mapande ya samaki wa chumvi ambayo Wakongomani huyapenda na Wanyarwanda wa mpakani wamejifunza kuyapenda. Kikapu hubadili kichwa mwisho wa daraja, upande wa Bukavu.

Na kila kitu kinachopita kati yao hukatwa katikati. Kuna kisu kidogo, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, ambacho hukaa chini ya nyanya. Wakinunua mkate, kisu. Wakipata parachichi zuri, kisu. Niliona siku moja wakigawana karanga kumi na tano. Ile ya mwisho Joséphine aliing'ata, akampa mwenzake kilichobaki. Hawakuwa wakinionyesha mimi. Ndivyo mikono yao ilivyozoea.

Kwa hiyo nilipoona asubuhi moja kisu kikitolewa, na juu ya kifuniko cha ndoo kimewekwa kidonge kidogo cheupe, sikushangaa sana. Védastine alikikata kwa uangalifu, akapuliza unga, akampa Joséphine nusu. Wakanywa maji ya chupa moja, mmoja baada ya mwingine, Védastine akamtwika mwenzake kikapu.

"Ni dawa ya nini?" nikauliza.

"Ya tansiyo," Védastine akasema, akimaanisha presha ya damu.

"Ya nani kati yenu?"

Wakatazamana kama watu walioulizwa mto ni wa ukingo upi.

"Yetu," akasema Joséphine.

*

Hadithi ya kidonge ilianza na joto. Miaka miwili kabla ya hapo hedhi ya Védastine ilianza kukosa mpangilio, ikawa inakuja inapotaka, halafu ikaacha kuja. Wanyarwanda huita hali hiyo gucura, na hawaizungumzi sana mbele ya wageni, lakini foleni ya mpakani ni ndefu na mwisho wa foleni ndefu hakuna mgeni. Védastine alikuwa akivua shali kwenye mvua. Alikuwa akiamka asubuhi shuka limelowa. Moyo ulikuwa ukimpiga mbio akiwa ameketi, kama mtu aliyeitwa na askari.

Wanawake wa foleni walimtania. "Mama Umwali ameficha jiko ndani ya kitenge! Sogea huku utupashie chai." Mwingine, mzee kidogo kuliko wote, alitoa maelezo yake: damu ambayo ilikuwa ikitoka kila mwezi sasa imekosa mlango, inapanda kichwani, ndiyo maana, kwa maneno yake, batu banachoka. Wote wakakubali. Ilikuwa hoja nzuri, ina mto na lango ndani yake, na watu hawa wanaelewa mito na malango. Ubaya wake ni kwamba iliwaruhusu wote kungoja damu izoee.

Siku moja wauguzi wa kituo cha afya walikuja sokoni Kamembe kupima watu bure. Védastine alikaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa inauma, wala si kwa sababu alitaka kupimwa. Muuguzi Cassien, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alimfunga mkanda mkononi, akapima, akamwacha apumzike, akapima tena. Presha ilikuwa juu. Alimwita kituoni mara mbili zaidi, ikawa juu vile vile, akaandikiwa kidonge kimoja kila siku. Bima ya mitiweli, ile ya afya ya jamii, ikalipa sehemu kubwa, na Védastine akarudi darajani na pakiti.

Joséphine naye alikuwa na joto. Joséphine naye alikuwa akiumwa kichwa na kuamka na shuka limelowa. Upande wake hakuwa na bima yoyote.

"Ungefanya nini?" Védastine aliniuliza. "Ugonjwa ni mmoja. Kidonge ni kimoja. Ningemeza peke yangu, yeye ananiangalia?"

Nilifanya kile ambacho wasafiri hufanya wakibanwa: nikaomba kununua parachichi jingine.

*

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Kikapu kilikuwa kimejaa makayabu, na chumvi yake ilinukia hadi kwenye foleni. Nilikuwa nyuma ya Védastine tulipoanza kupanda upande wa Kamembe. Alikuwa akizungumza, akanyamaza katikati ya sentensi. Nikadhani anatafuta neno. Kisha akashusha kikapu bila kuomba msaada, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakaa juu ya jiwe la ukingo wa barabara.

Hakushika kifua. Ninalitaja hilo kwa sababu mimi nilikuwa nikingoja ashike kifua. Katika sinema zote nilizoziona, moyo ukiuma mtu hushika kifua na kuanguka, na mara zote huwa mwanamume. Védastine alishika taya. Akasema kuna kitu kizito kati ya mabega, kama mtu ameweka kiganja pale na hataki kukiondoa. Alitaka kutapika. Jasho lilimtoka usoni, na upepo ulikuwa baridi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akasema kwa upole, "Ni joto la umri, Mama Umwali. Pumzika, litapita."

Likapita. Baada ya muda alisimama, akataka kujitwika kikapu. Nilikichukua mimi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na nilimshukuru Mungu kwamba hakuna anayenijua katika mji huu.

Tulipofika mlangoni kwake akasema, "Mama yangu alishika taya."

Mama yake alikuwa mkulima wa Nyakabuye. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa siku kadhaa alilalamika taya na mgongo, na kwamba amechoka, amechoka tu, hata kuchota maji kunamchosha. Walidhani ni jino. Walidhani ni uzee. Walimpikia uji. Asubuhi moja alikwenda shambani kupalilia maharage, na walipomkuta alikuwa amelala kando ya jembe, kitambaa kikiwa kimefungwa vizuri kichwani.

"Walisema amechoka," Védastine akasema. "Nami nilisema hivyo hivyo kwa watu wa msiba. Amechoka. Mimi sitaki kuchoka namna ile."

*

Védastine alipokwenda kituoni, Cassien hakungoja foleni ya wagonjwa iishe. Alipoelezwa habari ya taya na mgongo alimpeleka siku hiyo hiyo hospitali ya wilaya, akapimwa damu na kipimo cha umeme wa moyo. Nilikwenda naye aliporudi kituoni kusikiliza majibu, kwa sababu aliniomba. Mumewe, Vénuste, hufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Bugarama na huja nyumbani mwisho wa wiki tu. Walizungumza Kinyarwanda, nami nilifuata kwa shida kidogo.

"Moyo haujapasuka wala haujafa sehemu," Cassien alisema. "Lakini ukuta wake umeanza kuwa mnene. Unawajua wabeba mizigo wa darajani, shingo zao zilivyo?"

"Ninazijua."

"Zimenenepa kwa sababu ya mzigo. Presha ni mzigo, Maman. Moyo wako umekuwa ukiipandisha kilimani kila siku, hata ukiwa umelala. Msuli unanenepa, mishipa inakakamaa, na siku moja mbeba mzigo anakaa chini."

Védastine alitazama mikono yake.

"Ni juu ya gucura?" akauliza.

"Kwa sehemu. Mwanamke akiwa bado anapata hedhi, mwili wake hutengeneza homoni zinazosaidia mishipa kubaki laini. Hedhi ikikoma, homoni hizo hupungua. Presha hupanda, mafuta ya damu hupanda, kiuno huongezeka. Joto lenyewe haliui mtu. Ubaya ni kwamba kila kitu kinachokuja wakati huo mnakiita joto. Uchovu, joto. Moyo kwenda mbio, joto. Kushindwa kupumua kilimani, joto. Wanawake wanakuja hapa wakiogopa kansa, na wana haki ya kuiogopa, lakini moyo ndio unaowachukua wengi zaidi, na hakuna anayeniuliza habari zake."

Kisha akageukia presha. Ilikuwa karibu pale pale ilipokuwa miezi iliyopita, na hilo lilimsumbua.

"Unameza dawa kila siku?"

"Kila siku."

"Hujaruka hata siku moja?"

"Hata Jumapili."

Cassien alichukua kalamu. "Basi hii haikutoshi. Nitakuongezea dawa ya pili."

Nilimtazama Védastine. Alikuwa amekaa wima sana. Nadhani angenyamaza kama si kwa ajili ya mama yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Muganga. Ninameza kila siku. Lakini ninameza nusu."

"Nusu iliyobaki iko wapi?"

"Iko Bukavu."

Cassien aliweka kalamu mezani. Hakugomba. Alisugua macho kwa vidole viwili kama baba wa watoto wengi, ingawa sidhani kama alikuwa na hata mmoja.

"Nusu haizuii nusu ya ugonjwa, Maman. Wewe hukupona na yeye hakupona. Na yeye, nani amempima?"

Hakuna aliyempima.

"Basi sikiliza. Kizima, kila asubuhi, hata siku unayojisikia mzima. Hasa siku hiyo. Chumvi punguza, na vile vidonge vya kukolezea mchuzi viache, vyote ni chumvi. Mawese kidogo. Na ukisikia tena taya, mgongo, pumzi fupi, jasho baridi, usikae juu ya jiwe. Unakuja hapa au unaita watu wakulete."

"Na kutembea?" niliuliza, kwa kuwa nilisoma mahali fulani kwamba kutembea ni dawa.

Védastine alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Huyu anataka nitembee! Niliwahi kukaa lini?"

"Kutembea ni kuzuri," Cassien akasema. "Kikapu juu ya kichwa ndicho ukipunguze uzito."

*

Kumeza kidonge kizima lilikuwa jambo rahisi kwa koo lake na gumu kwa kila kitu kingine. Kesho yake alikimeza nyumbani, amesimama jikoni, uso ukielekea ukutani. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia kama mtu anayekula nyama usiku wa msiba. Alipofika darajani, Joséphine alitoa kisu chini ya nyanya kama kawaida, akasubiri.

"Dawa imekwisha," Védastine akasema. "Kituoni hawana."

"Hawana?"

"Hawana kwanza. Labda mwezi ujao."

Joséphine alirudisha kisu. "Pole, Mama Umwali," akasema, na akajitwika kikapu. Védastine alikitazama kikipanda, na alibaki amesimama pale hadi askari alipomwuliza kama amepoteza kitu.

Siku zile alikuwa mkali kwa kila mtu. Jumamosi Vénuste alikuja kutoka Bugarama, akaketi, akaonja isombe ya majani ya muhogo, akaweka kijiko chini.

"Nani amekufa nyumba hii?" akauliza. "Hata chumvi imekimbia."

"Kula, Papa Umwali."

"Ninakula. Nauliza tu kama nitume rambirambi."

Jumapili asubuhi, alipokuwa akifua shati la mumewe, Védastine alikuta mfukoni karatasi iliyokunjwa, na ndani yake chumvi. Alilifua shati pamoja na karatasi yake. Vénuste alipoenda kazini Jumatatu alimwambia, akiwa ameshika mlango, "Pika hivyo hivyo. Nitazoea." Huo ndio mjadala wote walioufanya kuhusu moyo wa Védastine.

Kisha ikaja asubuhi ya wiki iliyofuata. Nilikuwepo. Joséphine alikuwa amefika mapema, na alikuwa na uso wa mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Funga macho," akamwambia Védastine.

"Miye si toto."

"Funga, nakwambia!"

Védastine akafunga. Joséphine akaweka kifuniko cha ndoo juu ya kikapu, akatoa kwenye fundo la kitenge kidonge cha rangi ya waridi, akachukua kisu, akakikata.

"Fungua. Nilikuambia utakosa dawa na miye niko hai? Nimetafuta Bukavu nzima. Kuna ule kijana anatembezaka dawa mu beseni, pale soko. Nikamwambia, iko na ya tansiyo? Akasema, Maman, iko ya kila kitu." Alinyosha kiganja. "Kamata. Nusu yako."

Sijui kilikuwa kidonge cha nini. Hakuna aliyejua, na nadhani kijana wa beseni pia hakujua. Kilikuwa kimekaa juani na kimeanza kupauka upande mmoja. Védastine alikitazama kwenye kiganja kile, kiganja kilichopandisha kikapu chake kilimani kwa miaka ishirini.

"Usimeze, Maman Elikia," akasema. Elikia ni mwana wa kwanza wa Joséphine. "Tupa."

"Nitupe? Unajua nilivyoitafuta?"

"Nimekudanganya. Dawa haikukwisha. Niko nameza nzima, kwangu, peke yangu."

Foleni yote ilikuwa inasikia sasa. Joséphine alikuwa bado ameshika kile kidonge cha waridi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya makayabu. Nilikaa juu ya jiwe. Nilishika taya, kama mama yangu." Akamweleza yote, ukuta wa moyo, mbeba mzigo, nusu isiyozuia nusu. Alieleza haraka, kwa Kiswahili na Kinyarwanda vikichanganyika, na alipomaliza alisema, "Nikaona nikikuambia nitakuwa nimekuacha. Nikaona nisipokuambia nitakuwa nimekuacha. Sikujua dhambi ipi ni ndogo."

"Weye," Joséphine akasema polepole, "ulikuwa unakufa, na ulikuwa unanipa nusu?"

"Nawe ulikuwa unaumwa kichwa."

"Kichwa! Kichwa changu kinaumaka tangu niolewe!" Watu wawili kwenye foleni wakacheka, na yeye akawageukia. "Munacheka nini? Mungoje!" Kisha akamrudia Védastine. "Mama Umwali. Juu ya nini nitake nusu ya moyo yako? Nitaipeleka wapi? Nilitaka weye mzima unishushie kikapu kila asubuhi. Ni hiyo tu."

Akakitupa kidonge cha waridi mtoni. Akafuta kisu kwenye kitenge. Halafu, kwa sababu nyanya hazingoji, akainama ili atwikwe.

Védastine hakumtwika.

"Leo kinabaki hapa," akasema. "Leo unaenda kupimwa. Na miye nakuja."

"Kilima hiki? Hukipandi tangu mimba."

"Tutapanda pole pole."

*

Niliwafuata hatua chache nyuma, kikapu kikiwa kimeachiwa wenzao wa foleni. Walipanda kilima cha Bukavu bila mzigo, wakiwa wameshikana mikono, wakisimama kila Védastine alipotaka kuvuta pumzi, na Joséphine akimwonyesha vitu: hapa ndipo nilipoanguka na kabichi mwaka ule; yule mzee hunisalimia kila siku na sijui jina lake. Védastine alitazama kila kitu. Miaka yote hii kilima hiki kilikuwa nusu ya maisha yake na hakuwa amekiona.

Kituo cha afya cha parokia kina benchi refu na mtawa mmoja mfupi wanayemwita Masera. Alipima presha ya Joséphine mara mbili, akachoma kidole, akaangalia tone la damu kwenye kimashine.

"Hedhi bado inakuja?"

"Ilienda," Joséphine akasema. "Haikuaga hata."

"Unakunywa soda?"

"Fanta kidogo. Saa ya jua."

"Jua la hapa ni kila siku, Maman." Masera aliandika kitu. "Tansiyo yako imepanda kidogo tu. Tutaifuatilia. Lakini sukari ndiyo iko juu, na sukari kwa mwanamke wa umri wetu inaharibu moyo haraka kuliko kwa mwanamume. Dawa yako ni nyingine kabisa."

"Nyingine na ya huyu?"

"Nyingine kabisa. Ile ya huyu ilikuwa haikusaidii kwa ugonjwa wako."

Wale wawili wakatazamana. Miezi yote ile, kisu na kifuniko cha ndoo, na nusu iliyokwenda Bukavu haikuwa na mahali pa kukaa. Védastine ndiye aliyeanza kucheka, kwa aibu, mkono mdomoni. Joséphine akafuata, kwa sauti kubwa, hadi Masera akagonga meza kwa kalamu na kuwaambia hapa kuna wagonjwa.

"Na sisi ni nini?" Joséphine akasema, akijifuta machozi.

Parokia ina kikundi cha wanawake wa sukari na tansiyo. Hukutana Alhamisi, hununua dawa pamoja ili zipungue bei, na hupika chakula kisicho na chumvi nyingi, huku wakikilaani. Joséphine aliingizwa siku hiyo hiyo. Waliposhuka, kikapu kilikuwa pale kilipoachwa, na nyanya mbili zimeliwa. Hakuna aliyekiri.

*

Nilirudi mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeanza tena. Niliwakuta ng'ambo ya daraja kabla jua halijayafikia maji. Kikapu kilikuwa kidogo kuliko kile cha zamani. Sasa wana viwili vidogo, na huvivusha kwa safari mbili, jambo ambalo Joséphine analilalamikia kila siku na ambalo Védastine huliita dawa ya Cassien ya kutembea. Presha yake imeshuka. Joto bado linamjia, hasa kwenye foleni, na bado anavua shali kwenye mvua, lakini sasa anajua lipi ni joto na lipi si joto, na taya haijamshika tena. Makayabu bado yanavuka. Ila yale ya nyumbani kwake huyaloweka tangu asubuhi na kumwaga maji yake mara tatu. Vénuste anasema yamekuwa samaki waliosahau bahari.

Nilifika wakati wao wa kunywa dawa. Védastine alitoa kidonge chake cheupe kwenye pakiti. Joséphine akatoa chake, kikubwa, ambacho anadai kimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kila mmoja alimtazama mwenzake akimeza, hadi koo lilipotulia, kama askari anavyotazama muhuri. Chupa ya maji ilikuwa moja.

Kisha Védastine akaingiza mkono chini ya nyanya, akatoa parachichi kubwa lililoiva sawasawa. Joséphine alikuwa ameshika kisu tayari.

"Hii ndiyo inakatwa," akasema, akalikata katikati, akampa mwenzake upande wenye kokwa, ambao ni mzito zaidi.

"Nusu kwa nusu," Védastine akamkumbusha.

"Kula, Mama Umwali. Kilima kinatungoja."